Mlango wa Kutokea: Watoto wa Bagamoyo na Yatima wa Leo





Kuna swali linalorudi mara kwa mara katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, hasa siku chache baada ya mazishi. Baba na mama wametangulia mbele ya haki, watoto wamebaki. Shangazi anasema nyumba yake ni ndogo. Baba mdogo anasema shamba la mwaka huu halikutoa kitu. Ndipo mtu mmoja, tena kwa nia njema, anapopendekeza watoto hao wapelekwe kwenye makao ya watoto yanayoendeshwa na Wakristo huko mjini, kwani watakula, watavaa na watasoma. Wazee huafiki, kikao hufungwa kwa sala, na kila mmoja hurudi nyumbani akihisi kuwa jambo limekwisha.

Je, limekwisha kweli? Kabla hatujajibu, inafaa tujue kwamba Kanisa katika nchi yetu limekwisha kulijibu swali hili mara moja, kwa matendo, miaka zaidi ya 150 iliyopita. Makao ya watoto hayakuja Tanzania baada ya Kanisa. Kwa upande wa bara, Kanisa Katoliki lilianza likiwa makao ya watoto. Kutoka Digodigo hadi Bagamoyo ni mbali sana, lakini imani iliyofika kwenye milima yetu ilipita njia hiyo. Mapadre wa Roho Mtakatifu walioanza Bagamoyo mwaka 1868 ndio waliofika Kilema, Kilimanjaro, mwaka 1891. Na Jimbo la Arusha lilipoundwa mwaka 1963, askofu wake wa kwanza, Dennis Durning, alitoka katika shirika hilohilo. Kwa hiyo tukiwatazama watoto wa Bagamoyo tunawatazama kaka na dada zetu wakubwa katika imani.

Jinsi watoto walivyopatikana

Mwezi Desemba 1860 Padre Armand Fava aliwasili Zanzibar kutoka kisiwa cha Réunion akiwa na wenzake, na miongoni mwao walikuwamo masista wa Shirika la Mabinti wa Maria. Wakati huo Zanzibar ilikuwa soko kubwa la watumwa katika pwani yetu. Wamisionari walifungua hospitali, karakana na nyumba ya kulea watoto. Mwaka 1863 kazi hiyo ilikabidhiwa kwa Shirika la Roho Mtakatifu chini ya Padre Antoine Horner. Watoto walipozidi na ardhi ya mjini ikawa haba, mwaka 1868 Padre Horner alivuka bahari na kuanzisha misheni ya Bagamoyo, mahali ambapo misafara ya bara iliishia.

Watoto hao walipatikana kwa njia mbili. Wengine walinunuliwa sokoni, na wengine waliletwa baada ya majahazi ya wafanyabiashara ya watumwa kukamatwa baharini na manowari za Uingereza. Fedha za kuwakomboa na kuwalisha zilitoka kwa sehemu kubwa Ulaya, zikiwamo sadaka za watoto. Chama cha Utoto Mtakatifu, ambacho watoto wetu wanakijua vizuri, kilianzishwa Ufaransa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson, na kila mtoto mwanachama alitoa sarafu ndogo kila mwezi pamoja na sala. Sarafu hizo zilifika Bagamoyo.

Hata wakati ule walikuwapo waliouliza iwapo kununua watoto, ingawa ni kwa ajili ya kuwaweka huru, hakukumwongezea mfanyabiashara sababu ya kurudi bara kuwateka wengine. Swali hilo lilikuwa halali. Lakini mbele ya mtoto mgonjwa aliyefungwa kamba, mmisionari hakuwa na muda mrefu wa kufikiri. Mkataba wa kufunga soko la Zanzibar ulitiwa saini na Sultani Barghash tarehe 5 Juni 1873, yaani miaka 13 baada ya nyumba ile ya kwanza kufunguliwa.

Tumtaje mmoja wao, kwa maana idadi haina uso. Swema alikuwa binti mdogo wa Kiyao. Baba yake alikufa, mama yake akaingia katika deni, na mdai akamchukua mtoto kuwa malipo. Mama alikataa kutengana naye, akaufuata msafara kwa miguu yake mwenyewe, mpaka nguvu zikamwishia akaachwa njiani. Swema alifika Zanzibar akiwa karibu kufa. Mwenye mali aliona hana faida tena, naye akafungwa katika mkeka na kufukiwa katika kaburi lisilo na kina. Mpita njia alisikia sauti, akafukua, akampeleka kwa masista. Huko alipona, akabatizwa. Na simulizi inasema kwamba siku moja aliletwa hospitalini mtu aliyejeruhiwa, naye alikuwa mmoja wa wale waliomtesa yeye na mama yake, na binti huyu akapitia vita kali moyoni kabla ya kuweza kumsamehe na kumhudumia.

Simulizi hiyo ilichapishwa Ufaransa mwaka 1870 na Monsinyori Gaume ili kuwahimiza waamini wachangie misheni. Ilipita katika kalamu za mapadre kabla ya kufika kwa msomaji, na wanahistoria wanatukumbusha tuisome kwa kulijua hilo. Hata hivyo kuna jambo moja ndani yake ambalo kalamu yoyote isingeweza kulipamba zaidi: mtoto huyu alikuwa na mama aliyetembea hadi kufa ili asimwache. Masista walimpa Swema kitanda, dawa, jina jipya na sala. Yule mama hawakuweza kumrudisha.

Siku ya mtoto wa Bagamoyo

Maisha ya misheni yaliongozwa na kengele. Kengele iliamsha, iliita kwenye sala na Misa, ilipeleka shambani, ilirudisha darasani, iliita mezani, na ilifunga siku kwa sala ya jioni. Mapadre hawakuubuni utaratibu huo Bagamoyo. Shirika lao lilikuwa na uzoefu wa kulea yatima na vijana waliohukumiwa na mahakama, katika mashamba ya malezi huko Ufaransa na pia kisiwani Réunion, ambako kuanzia mwaka 1864 waliongoza koloni la vijana wafungwa liitwalo Îlet à Guillaume. Tuliseme bila kuficha: kengele iliyowaamsha watoto waliotekwa ilifanana sana na kengele iliyowaamsha watoto waliohukumiwa. Wamisionari waliamini kwa moyo safi kwamba sala, kazi na nidhamu ni dawa ya kila jeraha.

Watoto waligawanywa kadiri ya uwezo walioonekana kuwa nao. Wachache walielekezwa kwenye masomo zaidi, kwa matumaini kwamba siku moja wangekuwa makatekista, watawa au mapadre. Wengine walijifunza ufundi: useremala, uhunzi, uashi, ushonaji. Walio wengi walifanya kazi ya shamba, na ni mikono yao iliyofyeka na kupanda minazi ya misheni. Wasichana waliishi upande wa masista, wakijifunza kushona, kupika, kufua na kuuguza. Wote walijifunza katekisimu.

Walitoka mataifa mengi, wengine bara mbali upande wa Ziwa Nyasa, na kila mmoja alikuja na lugha ya mama yake. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Si ajabu kwamba Padre Charles Sacleux, aliyefika pwani mwaka 1879 na baadaye kuandika kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa, alifanya sehemu ya kazi yake Bagamoyo.

Palikuwa na furaha pia. Mwaka 1871 mwandishi Henry Morton Stanley alipopita Bagamoyo akijiandaa kwenda kumtafuta Livingstone, mapadre walimkaribisha chakula, na baada ya chakula vijana 20 walitokea na ala za shaba wakampigia muziki wa Kifaransa. Stanley alistaajabu, na maneno yake yana dharau ya zama zake. Sisi tuwatazame wale vijana wenyewe: miaka michache kabla walikuwa bidhaa sokoni, na sasa wamesimama wima mbele ya mgeni wakipuliza tarumbeta kwa mpango. Anayeudharau muziki huo hajui walikotoka.

Kifo nacho hakikuwa mbali. Watoto wengi walifika wakiwa wamedhoofika na hawakuishi muda mrefu. Kipindupindu kilipita pwani mwaka 1869 na 1870. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikubwa kilibomoa sehemu kubwa ya majengo, na kazi ikaanza upya. Mapadre, mabruda na masista nao walikufa vijana. Makaburi yao yapo Bagamoyo hadi leo kwa anayetaka kuyaona. Hatuwezi kuwasema watu hao bila kwanza kuvua kofia.

Baada ya kukua, kwenda wapi?

Mtoto hakai mtoto. Swali kubwa la kila makao si jinsi mtoto anavyoingia, bali ni mlango gani atokee, na nje ya mlango huo amngoje nani. Watoto wa Bagamoyo hawakuwa na mahali pa kurudi. Kijiji alichozaliwa mtoto pengine kilikuwa kimechomwa. Njia ilikuwa ya miezi, na aliyethubutu kuipita peke yake angeweza kutekwa tena.

Misheni ilijibu kwa kujenga kijiji. Vijana waliofikia umri waliozeshwa wao kwa wao, wakapewa nyumba na kipande cha shamba katika kijiji cha Wakristo, kilichowekwa chini ya ulinzi wa Mtakatifu Yosefu. Sehemu ya juma walilifanyia kazi shamba la misheni na sehemu iliyobaki walijifanyia kazi zao. Kengele ileile iliendelea kuwaita. Mwaka 1877, misheni ya kwanza ya bara ilipofunguliwa Mhonda, familia za Bagamoyo zilikwenda pamoja na mapadre kuwa mbegu ya ukristo huko. Kwa namna hiyo, watoto waliopelekwa pwani kwa minyororo walirudi bara wakiwa mitume. Hilo ni jambo la kumshukuru Mungu.

Hata hivyo haikuwa hivyo kwa wote. Wapo waliotoroka. Wapo walionung'unikia kazi na ukali wa utaratibu, wakitaka kuchagua wenyewe pa kuishi na kazi ya kufanya. Tusiharakishe kuwaita watovu wa shukrani. Mtu mzima aliyeoa, mwenye watoto wake, anapoendelea kuishi chini ya kengele ya utotoni, kuna kitu ndani yake kinachodai kukua. Makao yaliyomwokoa mtoto yalipata shida kumwachia mtu mzima.

Mfano wa jirani zetu

Waanglikana wa Misheni ya Vyuo Vikuu nao walilea watoto waliokombolewa, wavulana huko Kiungani na wasichana huko Mbweni, kisiwani Unguja. Mmoja wa watoto wao aliitwa Cecil Majaliwa, Myao kama Swema. Mwaka 1886 alitumwa Chitangali, kusini mwa nchi yetu, katika eneo la Wayao, na mwaka 1890 akapewa daraja la upadre wa Kianglikana, Mwafrika wa kwanza wa misheni yao kulifikia.

Chitangali kazi yake ilizaa sana, na sababu yake ni rahisi kuielewa. Hakuwa mgeni anayejenga kijiji cha kando kwa ajili ya waliotengwa. Alizungumza lugha ya watu, alijua kukaa na wakubwa wa nchi, na watu walimwona kuwa wao. Makao yalimfundisha kusoma na kusali. Kurudi kwa watu wake kulimpa wa kuwasomea na wa kusali nao. Kimoja bila kingine kingekuwa nusu ya kazi.

Sauti kutoka Loliondo

Yuko padre mwingine wa Roho Mtakatifu aliyeitafakari Bagamoyo, naye aliishi katika wilaya yetu wenyewe. Padre Vincent Donovan, Mmarekani, alifanya utume Loliondo kati ya Wamasai katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, na akafika pia kwa Wasonjo wa mabonde yetu. Mwaka 1966 alimwandikia askofu wake kwamba misheni ya Loliondo ilikuwa na shule nzuri na hospitali, wala watu hawakuichukia, lakini hapakuwa na Mmasai mtu mzima anayeishi imani yake. Akaomba ruhusa ya kuacha majengo na kwenda bomani, kuzungumza na wazee, akina mama na vijana wakiwa pamoja.

Katika kitabu chake cha mwaka 1978 Donovan aliirudia historia ya Bagamoyo na kuipima kwa ukali. Aliona kwamba wamisionari, kwa kuwanunua watumwa na kuwalea kando, walijizoeza kuhubiri kwa watu waliokatwa kutoka jamii zao, na kwamba mazoea hayo yaliendelea kwa sura nyingine katika shule za misheni: mchukue mtoto, mtenge na wake, mfanye Mkristo, kisha shangaa anaporudi kwao na imani kuyeyuka.

Tunadhani Donovan aliwaonea kidogo. Watoto wa Bagamoyo hawakutengwa na mapadre. Walitengwa na wateka watu, na mapadre waliwaokota njiani. Lakini onyo lake kwetu lina nguvu kuliko lilivyo kwao. Wao hawakuwa na shangazi wa kumwendea. Sisi tunaye, na jina lake tunalijua.

Sisi leo

Hapa ndipo historia inapotugusa. Kwa Wasonjo, wanaojiita Batemi, maji ya chemchemi hugawiwa kwa zamu katika mifereji chini ya usimamizi wa wazee, wenamiji. Kuna mambo ambayo mtoto hujifunza kwa kukaa tu: mfereji upi unapita wapi, zamu inafuata kwa nani, mzee yupi asalimiwe kwanza, babu amelala wapi. Mtoto anayeondoka akiwa na miaka minne na kurudi akiwa na miaka 18 atakuwa na cheti, lakini atauliza njia kama mgeni katika kijiji alichozaliwa. Tumewaona vijana wa namna hiyo. Hawana kosa. Waliwekwa mahali pazuri, kisha hakuna aliyewatembelea.

Hatusemi kwamba makao ya watoto ni mabaya. Wapo watoto ambao hawana mtu kabisa, wapo waliotupwa, wapo waliokimbia ukatili ndani ya nyumba zao wenyewe, na kwao mlango wa masista ni mlango wa uzima kama ulivyokuwa kwa Swema. Wanaoamka usiku kwa ajili ya mtoto wa mwingine wanastahili heshima yetu na sadaka yetu. Tunachosema ni kwamba makao ni daraja, na daraja halijengwi ili mtu akae katikati yake.

Sheria ya nchi inaona hivyo pia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kuwa na jina na uraia, na haki ya kuwajua wazazi wake na ndugu wa ukoo wake. Maaskofu wa Afrika, katika Sinodi ya mwaka 1994, walichagua kuliita Kanisa Familia ya Mungu. Kama sisi ni familia, basi yatima wa parokia ana jamaa, na jamaa hao hukusanyika kila Jumapili.

Tunapendekeza mambo matatu, nayo si magumu.

Kwanza, baada ya mazishi Jumuiya isiulize "tumpeleke wapi?" kabla ya kuuliza "nani katika ukoo angemchukua kama angesaidiwa?" Mara nyingi shangazi anaposema nyumba ni ndogo, anamaanisha debe la mahindi ni dogo. Debe tunaweza kulijaza. Ada na sare kwa mtoto mmoja si mzigo kwa familia 15 zikibeba pamoja.

Pili, ikilazimu mtoto aende kwenye makao, aende kwa utaratibu unaomhusisha Afisa Ustawi wa Jamii, na aende na mtu. Ateuliwe ndugu mmoja wa kumtembelea na kumleta nyumbani wakati wa likizo, alale katika kaya, aisikie lugha yake, ayajue makaburi ya wazazi wake. Ndugu na dada wa tumbo moja wasitawanywe.

Tatu, watoto wa Utoto Mtakatifu wafundishwe kwamba sarafu yao ina historia. Sarafu kama hiyo iliwahi kumlisha mtoto wa Bagamoyo. Leo inaweza kumnunulia daftari mtoto anayeketi naye benchi moja.

Mtume Yakobo anapoieleza dini iliyo safi hataji jengo. Anataja kuwaendea yatima na wajane, katika dhiki yao, pale walipo. Wahenga wetu nao walisema mkono mmoja haulei mwana. Wamisionari wa Bagamoyo walilea kwa mikono waliyokuwa nayo, mikono ya kigeni na michache, na wengi wao walizikwa kabla hawajazeeka. Sisi tulio wengi, tunaowajua watoto hawa kwa majina na kwa majina ya babu zao, tutajibu nini tukiulizwa mikono yetu ilikuwa wapi?

Katika Misa za juma hili tuwaombee yatima wote wa parokia yetu, pamoja na walezi wao. Na kabla ya Jumapili ijayo, kila Jumuiya iandike majina ya watoto wake waliofiwa na wazazi, mmoja mmoja, na kando ya kila jina liandikwe jina la mtu mzima anayewajibika kwake. Palipo na nafasi tupu, hapo ndipo kazi yetu ilipo.

Mungu Mwenyezi, Baba wa yatima, awabariki nyote.

Padre wenu